Upepo wa mita 10 hautoshi kukadiria umeme
Mkuu umeuliza kama namba ya upepo ya kwenye app ya hali ya hewa unaweza kuichukua tu ukapiga hesabu ukapata umeme wa mtambo wa upepo, hapana, huwezi. Ile ni ya mita 10 toka ardhini, kitovu cha mapanga kiko mita 80, 100 na zaidi, na huko juu upepo kawaida una kasi kubwa, hasa usiku ardhi ikishapoa, hewa ya chini inatulia kabisa huku ya juu inakimbia.

Na nguvu ya upepo inaenda kwa kasi x kasi x kasi, yaani modeli (programu ya kompyuta inayotabiri hali ya hewa) ikisema mita 8 kwa sekunde halafu ikaja 7, 512 inakuwa 343, theluthi nzima imeondoka kwa kosa la mita moja tu!! Afu modeli ya dunia nzima kama ile ya ECMWF, kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha Ulaya, inagawa ramani kwa vyumba vya upana wa km 9 hivi, kilima kidogo hakionekani humo.

Mimi nashinda na hizi data, chukua upepo wa mita 100 moja kwa moja toka kwenye modeli, usahihishe kwa vipimo vya mtambo wenyewe vya miezi iliyopita (hii hatua ndo inaokoa kuliko zote), ndo upitishe kwenye grafu ya uzalishaji ya mtambo, ile inayoonyesha kila kasi ya upepo inatoa umeme kiasi gani.

Ila upepo ukishapita mita 13 kwa sekunde hivi kosa dogo halisumbui, mitambo mingi hapo imeshafika kikomo cha umeme wake na inabaki hapo mpaka karibu mita 25 kwa sekunde inapojizima.