Sproketi ya nyuma inayoyumba na kurusha mnyororo

Ndugu wa Katindo, umeuliza kwa nini baiskeli yako iliyofungwa injini inarusha mnyororo. Unaruka kwa sababu sproketi (gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo) haiko katikati ya habu (kitovu cha gurudumu). Kukaza zaidi hakusaidii. Legeza boliti zote 9, sukuma sproketi mpaka nafasi kuizunguka habu iwe sawa. Kati ya mipira miwili inayoshika sproketi, mmoja ukae upande wa ndani wa spoki (nyaya za gurudumu), mwingine nje, na vipande vya chuma nyuma ya ule wa ndani. Boliti zisiegemee spoki.

Kaza kidogo kidogo, ukivuka upande wa pili kila mara. Zungusha gurudumu: sproketi inapojitokeza nje ndipo pa kukaza. Mpira ukifura umepitiliza, na spoki zitaanza kukatika. Weka nati zenye plastiki ndani, maana mawe ya volkano hapa Goma hulegeza zile za kawaida upesi. Zikague baada ya safari ya kwanza.