Kufungua manifoldi ya juu ya Harrier V6 nyumbani

Mkuu, umesema fundi kakubadilishia plagi tatu za mbele kwenye Harrier yako tako la nyani, injini ya 1MZ, na bado inamisi, yaani mwako unarukaruka. Unauliza kama za nyuma unaweza kuzifanya mwenyewe. Unaweza. Mafundi wengi huziacha kwa sababu hazifikiki vizuri mpaka utoe manifoldi ya juu, lile dude la alumini linalopitisha hewa kuingia kwenye injini. Yangu huwa naifungua mwenyewe uani.

Injini iwe imepoa kabisa, ikilala usiku kucha ndiyo vizuri zaidi. Kuna mipira midogo inaingia kwenye throto (mlango wa hewa ya injini) na ndani ina maji ya rejeta. Ukiichomoa ikiwa ya moto utaungua. Toa waya hasi wa betri. Piga picha kila kona kabla hujagusa kitu, halafu zungushia kila mpira kipande cha utepe na uandike namba, maana ya huko nyuma inafanana yote.

Bolti za juu hazina shida, alen kii namba 8 inatosha. Kazi iko kwenye vishikizo vya nyuma, upande wa kioo. Huvioni, unapapasa kwa vidole tu. Manifoldi ikigoma kunyanyuka usichokonoe kwa bisibisi, ujue kuna bolti umeiacha. Alumini ikichubuka pale inapokaa gasketi, hewa itakuwa inapenya hapo.

Kabla ya kuinyanyua, puliza vumbi na mchanga wote. Ikishatoka tu, yanabaki wazi matundu sita yanayoshuka hadi kwenye valvu. Ziba papo hapo kwa vitambaa safi visivyotoa nyuzi, na uvihesabu. Nati ikitumbukia humo na usiione, ukiwasha injini hiyo si kazi ya plagi tena.

Plagi anza kuzungusha kwa mkono, umalizie na toki spana, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwenye 18 Nm. Gasketi weka mpya, silikoni usiguse kabisa. Bolti za manifoldi zikaze kidogo kidogo kuanzia katikati.

Ukiwasha, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikipanda na kushuka au ukasikia mluzi, kuna mpira haujarudi. Kanyaga breki hapo hapo ulipo: pedali ikiwa ngumu, ni ule mpira mnene wa servo, kifaa kinacholainisha pedali ya breki, na usitoke getini hadi uurudishe.