Mistari ya Wi-Fi imejaa, mbona video haifunguki?

SWALI: Mimi ni mstaafu, naishi Arua, Uganda. Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma, ina vyumba vitano, na milango ya nje ni ya chuma. Nyuma kuna vyumba vya uani, ndiko anakokaa binti yangu anayesoma chuo kwa mtandao. Ruta iko sebuleni. Fundi aliniuzia busta ya Wi-Fi, kile kifaa cha kupokea mtandao wa ruta na kuurusha tena, akaichomeka chumbani kwangu, mwisho wa korido. Tangu siku hiyo simu inaonyesha mistari yote imejaa, lakini video inazunguka tu, na binti anakatika katikati ya somo. Fundi ananishauri ninunue busta ya pili, yenye antena nyingi zaidi. Ninunue?

JIBU: Usinunue, Mzee. Leo jioni ing'oe hiyo busta chumbani, irudishe katikati ya korido, mahali ambapo simu yako bado inaushika vizuri mtandao wa ruta yenyewe, uichomeke hapo. Chumbani mistari itapungua, lakini huenda video ikafunguka. Ukiona hivyo, utakuwa umepata jibu ambalo fundi wako hakukupa.

Barua kama yako napata kila wiki, na karibu zote zina sentensi hiyo hiyo: "mistari imejaa lakini." Watu wameaminishwa kwamba mistari ni kasi ya intaneti. Siyo. Mistari inaonyesha jinsi simu yako inavyoisikia redio (chombo cha kurusha na kupokea mawimbi) iliyounganishwa nayo, basi. Busta iko hatua mbili kutoka kitandani, lazima mistari ijae! Jinsi busta yenyewe inavyoisikia ruta ya sebuleni, ng'ambo ya kuta tatu za matofali, simu haina habari nayo. Na ugonjwa uko huko.

Bila shaka umekaa kwenye ibada au mkutano wenye mkalimani. Mhubiri anasema sentensi, ananyamaza. Mkalimani anairudia, naye ananyamaza. Mahubiri ya nusu saa yanachukua saa nzima. Busta ya bei ya chini hufanya kazi hivyo hivyo: ina redio moja, haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja, kwa hiyo kasi hupungua karibu nusu hata ikiwa imewekwa mahali pazuri kabisa. Sasa mchukue mkalimani huyo umweke nje ya jengo, nyuma ya ukuta, asikie neno moja kati ya matano. Umpe na kipaza sauti. Waliokaa karibu naye watamsikia vizuri sana, ila anachosema hakieleweki. Hiyo ndiyo busta iliyo chumbani kwako. Na busta ya pili ni mkalimani wa mkalimani.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja Mbale iliyokuwa na busta tatu zilizofuatana, kila moja ikipokea kutoka kwa mwenzake. Sebuleni nilipima megabiti 38 kwa sekunde. Kwenye busta ya tatu zilibaki 2. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kugombana na kampuni ya intaneti na kulipia kifurushi kikubwa zaidi, pesa ya bure, kwa sababu intaneti ilikuwa inafika mlangoni kwake nzima. Iliishia ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Hizo antena nyingi nazo zisikubabaishe. Wi-Fi ni mazungumzo ya pande mbili. Hata ruta ingepiga kelele kiasi gani, simu ya binti yako ina redio ndogo inayotumia betri ndogo, na lazima jibu lake lirudi kupitia kuta zile zile. Ruta ikisikika na simu isisikike, hakuna mazungumzo. Mara nyingi antena sita ni za kuhudumia vifaa vingi kwa pamoja na kuongeza kasi kwa walio karibu. Hazikuwekwa ili zitoboe matofali.

Kwako wewe, tatizo la uani ni chuma kuliko matofali. Wimbi la Wi-Fi likigonga bamba la chuma hurudi lilikotoka. Muulize binti: je, mchana mlango wa nyuma ukiwa wazi mtandao unakuwa afadhali, na usiku ukifungwa unakufa? Akisema ndiyo, mawimbi yalikuwa yanapita mlangoni na kwenye vioo vya madirisha, hayapiti ukutani. Angalia pia kama kuna tangi la maji kati ya nyumba na uani, maana maji hunyonya mawimbi haya sana. Na kama ruta ina masafa mawili, binti atumie lile la gigahezi 2.4. La gigahezi 5 lina kasi kubwa lakini huchoka upesi likikutana na ukuta.

Dawa yenyewe ni waya. Najua si jibu linalopendwa, kwa kuwa waya unataka ngazi, kutoboa, na mtu kuingia darini kwenye joto la mabati. Lakini waya wa mtandao hubeba kasi yote hadi mita 100 bila kujali kuta. Uvutwe kutoka kwenye ruta, upite juu ya dari ndani ya paipu ya plastiki, ushuke mwisho wa korido. Hapo uchomekwe kwenye ruta ya pili, hata ile ya zamani iliyolala kabatini, iliyopangwa ifanye kazi kama akses pointi, yaani kituo kinachopokea mtandao kwa waya na kuurusha kama Wi-Fi: huduma yake ya DHCP, ile inayogawa anwani, izimwe, anwani yake yenyewe isifanane na ya ruta kuu, waya uingie kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani ya nyumba), usiingie la WAN (la intaneti inayotoka nje). Jina la mtandao na nywila viwe vile vile, ila chaneli, yaani njia ya mawimbi, iwe tofauti. Ruta kuu ikiwa chaneli 1, hiyo iwe 6 au 11, kwa sababu kwenye gigahezi 2.4 hizo tatu haziingiliani. Fundi akiacha ruta mbili zigawe anwani kwa pamoja, utakuwa na mtandao unaofanya kazi asubuhi na kugoma mchana, na hutajua kwa nini.

Waya wenyewe uukague kabla haujapanda darini. Madukani kumejaa nyaya zilizoandikwa Cat6, daraja mojawapo la waya wa mtandao, ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe, rudisha. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Alumini hukatika ikipindwa, na muda si mrefu utaanza kupata mtandao unaokuja na kuondoka.

Kwa uani, waya wa shaba usiutundike hewani kutoka jengo hadi jengo. Nchi yetu ina radi nyingi mno, na waya kama huo huingiza mshtuko kwenye vifaa vya pande zote mbili hata radi ikipiga shamba la jirani. Chagua nyuzi za faiba, ambazo hazipitishi umeme, au redio mbili ndogo zinazoelekeana, moja kila upande, zikitazamana bila kizuizi. Kwa umbali wa ua, hata akses pointi ikiwekwa kwenye dirisha la kioo linaloelekea kwa binti yaweza kutosha. Anzeni na hilo, ni rahisi kuliko yote.

Utaambiwa pia kuhusu meshi, yaani vifaa kadhaa vya Wi-Fi vinavyoshirikiana kama mtandao mmoja. Meshi nzuri, yenye redio ya pekee kwa ajili ya mawasiliano baina ya vifaa vyake, ni bora kuliko busta, sibishi. Lakini nayo ni redio. Ukiipanga mahali ambapo vifaa havisikiani utarudi kwa mkalimani wa nje ya jengo, safari hii kwa bei kubwa zaidi.

Kinachoniudhi hapa si busta. Ni mtu anayeingia nyumbani kwa mstaafu, haulizi kuta ni za nini, hatoi simu apime, anafungua boksi, anachomeka, anaonyesha mistari imejaa, anachukua pesa. Akiitwa tena anauza boksi la pili. Wapo wanaouza vibandiko vya kubandika nyuma ya simu, wapo wanaosambaza programu za "kuongeza nguvu ya Wi-Fi", wapo wanaosema ufunge kopo la soda kwenye antena. Kibandiko hakina umeme wala redio, kitaongeza nini? Programu haiwezi kutoboa ukuta. Kopo linaweza kusukuma mawimbi upande mmoja, kwa kuunyima upande mwingine. Yeyote anayekutajia bei kabla hajatembea chumba kwa chumba na kipimo mkononi, mwonyeshe mlango.

Kipimo chenyewe hakina gharama. Kuna programu za bure za Android zinazoonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm. Namba huwa hasi, na iliyo karibu na sifuri ndiyo nzuri: karibu na ruta utaona kama -45, -67 bado inabeba somo la video, -80 ni kukatika tu. Izime busta kabisa, tembea kutoka sebuleni hadi uani, ukiandika namba ya kila mahali. Kisha pima kasi ukiwa umesimama kando ya ruta. Hapo pakiwa na megabiti 3, tatizo liko kwenye intaneti inayokufikia au kifurushi chako, na waya hautasaidia kitu.

Na busta uliyonayo usiitupe. Igeuze: nyingi zina tundu la waya ubavuni na zinaweza kupangwa ziwe akses pointi. Yako ikiwa hivyo, kinachopungua hapo ni waya tu. Niandikie hizo namba, sebuleni, mwisho wa korido na uani, mlango wa nyuma ukiwa wazi na ukiwa umefungwa.