"Bure kabisa" si sifa, ndugu

Ndugu, umeuliza kwa nini jamaa wa Nairobi alinuna ulipomwambia "leo wewe bure kabisa", ukimaanisha yuko "free" kama wasemavyo kwa Kiingereza, hana shughuli. Pole, umemtukana! Kwa Wakenya, mtu "bure kabisa" ni hovyo, hana faida yoyote. Ulitakiwa kusema "una nafasi?" tu.

Neno bure lina sura nyingi. Kibao kikisema "kiingilio bure", huna cha kulipa. "Usijisumbue bure" ni kuhangaika bila matunda, na "amenipiga bure" ni kwamba sikumkosea. Ninayoipenda mimi ni "si bure". Mpangaji mwenzio anayekununia kila siku leo anakuletea chapati za moto, amezifunika kwa sahani: mama yangu angezitazama na kusema, "Si bure hii." Yaani kuna jambo. Jioni utaombwa hela.

Mitaani Dar utasikia dezo. "Kula dezo" ni kula kwa jasho la mwenzio, na mwenye tabia hiyo haachi kusemwa. Bwerere nayo ni ya bure, ila ina harufu ya wingi, kama maembe ya msimu. Ukitaka kukazia, kuna "bure bilashi".

Huru ni habari nyingine: mshtakiwa huachiwa huru, haachiwi bure. Huria ni kisichobanwa, kama soko huria, au Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho ada unalipa kama kawaida.

Huyo jamaa mwombe radhi, mnunulie chai. Asije akasema unapenda dezo.