Puto kwanza, kisu baadaye

Dada, umesema Mzee alitolewa uvimbe wa utumbo mpana, sasa choo chatoka chembamba, tumbo lajaa, na daktari ataka kumpanua kwa puto. Wauliza kama si bora apasuliwe tena yaishe. La, kama ni kovu fupi, puto huanza.

Pale utumbo ulipoungwa pamefanya kovu, likabana. Daktari hupitisha kamera kwa njia ya haja kubwa, hulaza puto bapa katikati ya kovu, kisha hulijaza maji polepole, pengine hadi upana wa milimita 18 au 20. Huliacha kidogo, akalitoa. Huenda likarudiwa; msivunjike moyo.

Muulizeni kama atakata kinyama kipimwe, maana saratani ikirudi nayo hubana. Mwambieni pia ikiwa Mzee anameza dawa za kuzuia damu kuganda. Na hiyo sanamaki, majani ya kuharisha mnayomchemshia, acheni kabisa! Njia imebana, mwasukuma nini?

Hatari kubwa ni utumbo kutoboka. Maumivu makali, homa, damu nyingi: hospitali saa hiyo hiyo. Nyinyi mwakaa Likoni, basi usiku wa kwanza alale kwa jamaa huku kisiwani Mombasa, msije mkakwama ferini.