Kabla ya kutoboa paneli ya ndege yako, kaa kwanza na kadibodi

Paneli ya kwanza ya ndege yangu, yaani ule ubao wa geji na skrini mbele ya rubani, niliitupa kabla haijaruka hata mara moja. Ilikuwa alumini nzuri, imepakwa rangi nyeusi, ina matundu kumi na manne, na ilinila jioni za wiki tatu kwenye banda letu hapa Malindi. Siku hizi watu wakija kuitazama ndege, swali la kwanza si la mbawa wala injini. Huuliza, "Uliweka skrini gani?" Swali hilo naliona linaanzia mwisho, na ndilo lililoniponza mimi.

Ndege yenyewe ni ya viti viwili, injini ni Rotax 912 ya nguvu farasi 100. Naruka mchana tu, hewa ikiwa wazi, na safari yangu kubwa ni Malindi hadi Manda na kurudi. Ni kama maili 75 za baharini: unavuka mdomo wa Sabaki, unapita Mambrui na Ngomeni, unakata Ghuba ya Ungwana huku Kipini ikibaki kushoto, kisha visiwa vinatokea. Siku njema, pwani yenyewe ndiyo ramani. Hayo ningeyaandika kwenye karatasi siku ya kwanza, ningeokoa pesa nyingi. Lakini mimi nilianza na katalogi. Skrini ya inchi kumi, nyingine ya injini, geji za akiba kwa kila kilichokuwa kwenye skrini, GPS ya pili, kishikio cha tableti. Kila kimoja peke yake kilikuwa na sababu yake.

Kisha ami yangu akaja kutoka Lamu. Ameendesha majahazi maisha yake yote. Akapanda kiti cha kushoto, akanyamaza muda mrefu.

"Ami, waionaje?"

"Nzuri, mwanangu. Sasa nianze kutazama wapi?"

Nikaanza kumweleza, na kidole changu kikazunguka paneli nzima bila kutua popote. Akaniambia kwamba chomboni dira hukaa kwenye sanduku lake mbele ya mshika sukani, na hakuna anayeruhusiwa kuweka kisu wala chuma karibu nayo. Vingine vyote huwekwa baada ya dira kupata mahali pake.

Usiku ule nikakata kadibodi ya ukubwa wa paneli, nikachora miduara, nikaibana mahali pake kwa gundi ya karatasi. Hili ndilo nakusihi ulifanye, hata kama hutafuata neno lingine langu. Kaa kwenye kiti chako halisi, mikanda umeikaza kama ya safari, kofia na miwani umevaa. Fumba macho. Mwenzako aite "kasi!" au "presha ya oili!", nawe ufumbue na uonyeshe. Jicho likitangatanga, kitu hicho kihamishwe. Kisha rusha ndege kichwani: unakaribia uwanja, unashusha flapu (vile vibapa vya nyuma ya mbawa), mbuzi anaingia njiani, unaghairi kutua. Mkono unakwenda wapi? Mimi niligundua kwamba nikikaza mikanda sifikii valvu ya mafuta bila kuinama, na nikiinama siwezi tena kutazama nje. Nilifanya hivyo jioni kumi na mbili, na kila jioni kulikuwa na duara lililofutwa.

Kilichobaki ni kidogo. Juu kabisa, karibu na ukingo wa kioo cha mbele, kasi iko kushoto na kimo kiko kulia. Mpangilio huo si wangu. Tangu miaka ya 1930, jeshi la anga la Uingereza lilipoweka geji sita za msingi katika mpango mmoja, marubani wamezoea kuzikuta mahali pamoja, na baadaye likaja umbo la herufi T: kasi kushoto, upeo bandia (geji inayoonyesha ndege imeinama vipi) katikati, kimo kulia, mwelekeo chini ya upeo. Skrini za kisasa nazo zimelifuata. Kama ulijifunzia ndege ndogo kama Cessna 172, macho yako yanajua tayari pa kwenda. Usiyahamishe kwa sababu ya urembo.

Kati ya kasi na kimo nimeweka skrini moja ya inchi saba. Geji hizo mbili ni za mshale, zinaendeshwa na hewa, hazihitaji umeme. Mshale nauamini kwa sababu hausomwi, unaonekana. Nikija kutua kwa noti 55, yaani maili 55 za baharini kwa saa, najua mshale umelala upande gani kabla sijaijua namba. Kusi ikivuma kwa mapigo, namba za skrini zinacheza na akili inajaribu kuzisoma. Mshale unayumba tu, na katikati ya kuyumba kwake ndipo kasi yangu ilipo.

Ila usijidanganye kwamba hiyo ni akiba kamili. Skrini na geji vinavuta hewa kwenye mrija mmoja wa pito, unaopokea upepo wa mbele kupima kasi, na tundu moja la statiki, linalopokea presha ya hewa iliyotulia. Hapa kwetu nyigu hawachelewi. Niliacha mrija wazi siku nne, nikakuta tope ndani. Kama ningeruka, vyote viwili vingenidanganya kwa sauti moja. Sasa kifuniko chekundu kinavalishwa kabla injini haijapoa. Na kimo hupimwa kwa presha ya hewa, kwa hiyo kikiwa mahali pawili, presha ya siku ile nayo iwekwe pawili kwa wakati mmoja. Hektopaskali moja, kipimo cha presha hiyo, ni karibu futi 27 huku chini. Ukikosea tano, umepotea zaidi ya futi 130, na Manda iko karibu usawa wa bahari.

Injini nimeipa mizunguko, presha ya oili, joto la oili na mafuta, basi. Rotax hii inakubali mizunguko 5,800 kwa dakika, ila kwa muda wa dakika tano tu, baada ya hapo mwisho ni 5,500, kwa hiyo alama hizo nimezitia rangi. Mengine yako kwenye ukurasa wa skrini unaonyamaza mpaka kitu kitoke nje ya kiwango. Taa nyekundu ya presha ya oili iko peke yake, kubwa, juu.

Jua ni jambo ambalo wauzaji hawatakwambia. Skrini ing'aayo dukani ni nyingine kabisa saa sita mchana, chini ya kioo kinachofunika vichwa. Ijaribu nje kabla ya kulipa, tena kwa miwani yako ya kurukia. Yangu ilikuwa ya polaraizi, ile ya kukata mng'ao, na nilipoinamisha kichwa skrini ikageuka nyeusi tii. Tableti nayo ni ramani, isiwe chombo cha kutegemea. Apple wanasema iPad itumike mpaka nyuzi 35 za joto, na Februari ndani ya ndege iliyoegeshwa Malindi tunapita hapo asubuhi mapema. Yangu imezima mara mbili angani.

Mwaka 2010 bodi ya usalama wa usafirishaji ya Marekani, NTSB, ililinganisha ndege ndogo za skrini na zile za geji. Za skrini zilipata ajali chache kwa jumla, lakini kiwango chao cha ajali za vifo kilikuwa kikubwa zaidi. Mimi nimechukua hivi: skrini nitakayoiweka ni ile ninayojua itakavyokufa, na nitakachotazama itakapokufa.

Swichi zisifanane. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa B-17, ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu, walikuwa wakikunja magurudumu badala ya flapu kwa kuwa vidhibiti vilikaa pamoja na vilishikika sawa. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis akapendekeza kimoja kiwe na umbo la gurudumu, kingine la ubawa. Swichi ya flapu kwangu ni bapa, nimeichonga kwa mpingo.

Dira ikapata mahali pake juu, skrubu za shaba, mbali na spika. Hata hivyo nilipowasha redio ilihama nyuzi kumi. Waya wa umeme ulipita nyuma yake. Nikasokota waya wa kwenda na wa kurudi pamoja, ikatulia. Dira irekebishe wakati kila kitu kimewashwa, kama angani.

Mchoro wako mpelekee mkaguzi wa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kabla ya kutoboa. Waya ziachie urefu wa kutosha paneli ivutike nje kwa skrubu nne, maana chumvi ya hapa itakurudisha nyuma yake kila baada ya miezi michache.

Kadibodi yangu bado ipo bandani, ina alama za kalamu za rangi tatu. Ukipita Malindi na vipimo vya paneli yako, njoo na kiti chako na miwani yako, nitakaa pembeni niite.