Mombasa na watoto: muanzie wapi
Dada, kwa siku mbili Mombasa na watoto wadogo, anzeni Fort Jesus asubuhi, kabla jua halijawa kali. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo 1593, na watoto huipenda mizinga yake. Mkitoka, ingieni Mji wa Kale kwa miguu, mtazame milango ya nakshi, mpate kahawa chungu na kashata.

Jioni nendeni bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, karibu na kivuko cha Likoni: mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, madafu, na meli kubwa zikiingia bandari ya Kilindini. Hapo msiharakishe kabisa.

Kesho yake nendeni Haller Park, hifadhi ya miti na wanyama huko Bamburi. Msitu ule ulipandwa kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji! Mkienda ufukweni, ulizeni kwanza maji yanajaa saa ngapi.